Shabiki wa wapi amependa zaidi? Jibu kwa fundi wa Uyole

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni fundi pikipiki hapa Uyole, Mbeya. Kijiweni kwetu kuna ubishi umegoma kuisha. Mmoja anasema duniani hakuna mashabiki kama wa Argentina. Mwingine anawataja Wahindi na kriketi yao. Wa tatu anaapa kwamba hakuna kitu kama Simba na Yanga. Mimi nikawauliza: mbona Simba au Yanga wakija Uwanja wa Sokoine hakuna pa kukanyaga, lakini Prisons au Mbeya City wakicheza na timu ya kawaida jukwaa linapwaya? Ina maana watu wa Mbeya hatuna mapenzi ya kweli? Na je, kuna kipimo cha kitaalamu cha kujua nani ni shabiki zaidi ya mwenzake?

JIBU: Marahaba, mwanangu, na kamwene kutoka Iringa.

Nianze na swali lako la mwisho kwa sababu ndilo jepesi. Kipimo kipo. Mwaka 1993 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Daniel Wann na Nyla Branscombe, walitunga dodoso la maswali 7 linalotumika hadi leo. Linauliza ushindi wa timu yako una uzito gani kwako, rafiki zako wanakuonaje, unaifuatilia kwa kiasi gani, unawachukia wapinzani wake kiasi gani, na mengine ya namna hiyo. Ukijumlisha alama unaona jinsi mtu alivyojifunga na timu yake. Kwa kukulinganisha wewe na fundi wa kibanda cha pili, linafaa sana. Likivuka mpaka wa nchi linaanza kuyumba. Mjapani na Mwargentina wanaweza kupata alama zilezile, kisha baada ya mechi mmoja akatoa mfuko na kuokota takataka jukwaani, kama mashabiki wa Japani wanavyofanya kwenye Kombe la Dunia tangu 1998, na mwenzake akapanda juu ya nguzo ya taa akaimba mpaka kunakucha. Hapo nani kapenda zaidi? Dodoso halina jibu.

Ukiacha karatasi ukaangalia mwili, tofauti za mataifa zinazidi kupungua. Siku ya fainali ya Kombe la Dunia ya 1994, watafiti walipima mate ya wanaume waliokuwa wakiangalia mechi kwenye televisheni, wengine wa Brazili na wengine wa Italia. Brazili ikashinda kwa penalti. Homoni ya kiume, testosteroni, ikapanda kwa waliokuwa upande wa Brazili na kushuka kwa wale wa Italia, wakati hakuna hata mmoja wao aliyegusa mpira. Mwaka 2006 Ujerumani ilipoandaa Kombe la Dunia, madaktari wa Munich walihesabu dharura za moyo: siku ambazo Ujerumani ilicheza, zilikuwa mara 2.66 ya siku za kawaida. Kwa hiyo mzee anayeshika kifua kwenye kibanda umiza pale Mwanjelwa dakika ya 88 hafanyi maigizo. Kama ana presha, anywe dawa zake ndipo alipie kiti.

Mwili wa shabiki, basi, ni uleule Buenos Aires na Uyole. Kinachotofautiana ni mzigo ambao timu imebebeshwa na watu wake, na hapo ndipo ubishi wenu wa kijiweni unapopata nyama.

Chukua Argentina. River Plate ilianzishwa 1901 na Boca Juniors 1905, zote mbili katika mtaa mmoja wa bandarini, La Boca. River baadaye ikahamia upande wa kaskazini wa jiji, kwa wenye nazo, ikabandikwa jina la Mamilionea. Boca ikabaki bandarini na walalahoi. Tangu hapo mechi yao ni mtaa dhidi ya mtaa na tabaka dhidi ya tabaka, na anayezaliwa hachagui. Mwaka 2013 mamlaka za huko ziliwazuia mashabiki wa timu ngeni kuingia viwanjani kwa sababu ya vurugu. Mwaka 2018 timu hizo zilikutana fainali ya Copa Libertadores, basi la Boca likapigwa mawe njiani, wachezaji wakaumia, na mechi ya marudiano ikahamishiwa Madrid, ng'ambo ya bahari. Halafu Desemba 2022 watu haohao, wa Boca na wa River, wakamwagika barabarani kwa mamilioni kuipokea timu ya taifa yenye Kombe la Dunia. Basi la wachezaji lilishindwa kupita, ikabidi wapakiwe kwenye helikopta. Aliyeitaja Argentina kijiweni hajakosea kwa habari ya kelele. Lakini muulize kama angekuwa tayari kuishi katika nchi ambayo kwa miaka mingi hukuweza kuvaa jezi yako ukaenda kuiangalia timu yako ugenini.

Glasgow mzigo ni dini na asili: Celtic ilianzishwa kwa ajili ya Wakatoliki wenye asili ya Ireland, Rangers ikawa ya Waprotestanti. Nairobi, Gor Mahia ilitoka kwa Wajaluo na AFC Leopards kwa Waluhya, ingawa Wakenya wenyewe wameilainisha vita hiyo kwa kuiita mechi ya mashemeji. India kriketi imebeba taifa zima, na taifa zima ni zito. Mwaka 1996, nusu fainali ya Kombe la Dunia pale Kolkata, India ilipoelekea kufungwa na Sri Lanka watazamaji walirusha chupa na kuwasha moto jukwaani, mpaka msimamizi wa mechi akaukatisha mchezo na kuipa Sri Lanka ushindi. Hao si watu wasioujua mchezo wao. Ni watu walioambiwa kwamba heshima ya nchi iko kwenye gongo la mtu mmoja.

Mfano ninaoupenda kuliko yote hauko mbali na kwenu. Vuka Tunduma. Tarehe 27 Aprili 1993 ndege iliyobeba timu ya taifa ya Zambia ilianguka baharini karibu na Libreville, Gabon, na watu wote 30 waliokuwemo wakafa, wachezaji 18 miongoni mwao. Walizikwa nje ya Uwanja wa Independence, Lusaka. Mwaka 2012 Zambia ilitwaa Kombe la Mataifa ya Afrika, na fainali ilichezwa wapi? Libreville. Kabla ya fainali hiyo wachezaji walikwenda ufukweni kuweka maua. Mzambia wa makamo akiiangalia Chipolopolo, timu yake ya taifa, anaangalia pia makaburi. Ukimlinganisha na shabiki wa Ulaya aliyekata tiketi ya msimu, unalinganisha vitu viwili visivyokaa kwenye mizani moja.

Sasa tuje kwetu. Yanga ya 1935 na Simba ya 1936, ambayo ilipitia majina mengine mpaka ikaitwa Simba mwaka 1971, zote ni za Kariakoo. Lakini ukitoka Dar es Salaam ukapanda mpaka Makambako, Njombe, Mbeya na Sumbawanga, hukuti mtaa wa Simba wala kabila la Yanga. Hukuti msikiti wa mmoja na kanisa la mwingine. Unakuta nyumba moja: baba Mwananchi (wa Yanga), mama Mnyama (wa Simba), watoto wamegawana, na shemeji akija kutoka Vwawa anaharibu hesabu. Wageni wanaotuandika huona kelele zetu wakadhani ni Glasgow ya Afrika Mashariki. Wanakosea. Mstari wa uadui ukipita katikati ya sebule, watu hawawezi kuuana; itabidi kesho wale pamoja.

Tena sisi tulikuwa na chombo cha kuubeba ugomvi wa namna hiyo kabla mpira haujafika. Ni utani wa makabila. Umewahi kuona Msukuma anaingia kwenye msiba wa Mzaramo, anamsimanga marehemu, anazuia jeneza mpaka apewe chochote, na hakuna anayekunja uso? Simba na Yanga wameurithi utaratibu huo ukiwa mzima. Ndiyo maana wanaitwa watani wa jadi. Ndiyo maana mtu anatembeza jeneza lenye rangi za mwenzake na polisi wanacheka. Simba walipofunga 6-0 mwaka 1977, mabao hayo yameishi kuliko baadhi ya wachezaji walioyafunga, na watoto ambao baba zao hawakuwa wamezaliwa wanayataja kama waliyaona. Yanga wakaja kulipa sehemu ya deni kwa 5-1 tarehe 5 Novemba 2023, na kwa miezi kadhaa ukimsalimia shabiki wa Simba kwa kumpungia kiganja wazi unakuwa umemtukana kistaarabu. Huu ni ufundi. Kwa maoni yangu hakuna taifa lililogeuza uchungu wa kufungwa kuwa kichekesho kwa ustadi kama letu, na yule wa tatu kijiweni angejenga hoja yake hapo asingehitaji kuapa.

Sisemi sisi ni malaika. Oktoba 2016 viti vya Uwanja wa Taifa viling'olewa kwenye mechi hiyohiyo, hata serikali ikazifungia klabu zote mbili kuutumia kwa muda. Na utani una mahali unapoishia, ambapo mara nyingi ni mlangoni. Wachumi wawili, David Card na Gordon Dahl, walichunguza miji ya Marekani na mwaka 2011 wakaonyesha kwamba timu ya nyumbani iliyotarajiwa kushinda ikifungwa, taarifa za wanaume kuwapiga wake au wapenzi wao ziliongezeka kwa asilimia 10 hivi. Kilichouma zaidi ni kufungwa kusikotarajiwa. Kama kijiweni kwenu kuna jamaa ambaye mkewe huondoka nyumbani siku ya dabi, hiyo si hadithi ya mapenzi makali, na msimsifie.

Watu wengi pia hupima mapenzi kwa vifo. Nakuomba uache kipimo hicho kabisa. Accra, Mei 2001, zaidi ya watu 120 walikufa kwenye mechi ya Hearts of Oak na Asante Kotoko: polisi walipiga mabomu ya machozi, watu wakakimbilia milango iliyofungwa. Hillsborough, Uingereza, 1989, walikufa 97, na baraza la uchunguzi lilipotoa uamuzi mwaka 2016 likasema mashabiki hawakuwa na kosa. Hata siku Yanga ilipocheza fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika na USM Alger ya Algeria kwenye Uwanja wa Mkapa, Mei 2023, mtu mmoja alipoteza maisha katika msongamano wa kuingia. Hayo ni mambo ya mageti, tiketi na polisi.

Mchezo wenyewe nao una mchango wake, ingawa si mkubwa kama watu wanavyodhani. Soka lina mabao machache, na uchache huo ndio sumu yake: timu dhaifu inaweza kuvizia, ikapata moja, ikalinda. Novemba 2022 Yanga ilikuja Mbarali ikiwa imecheza mechi 49 za ligi bila kufungwa, Ihefu ikaipiga 2-1. Kwenye kikapu au raga jambo kama hilo ni adimu zaidi, kwa sababu pointi ni nyingi na mwenye nguvu hupata muda wa kujirekebisha. Mashabiki wa raga hukaa jukwaa moja na wapinzani wakanywa pamoja, na soka lingekuwa na mengi ya kujifunza hapo. Baiskeli ndiyo inayonishangaza. Kwenye Tour de France watu hupiga kambi mlimani siku kadhaa, bila tiketi wala kiti, ili wapitwe na waendeshaji kwa muda mfupi kuliko unaotumia wewe kubadilisha plagi. Hawana hata timu ya kuizungumzia. Wanapenda mateso ya yule anayepanda mlima.

Mkeka nitautaja kwa sentensi mbili tu. Mtu aliyeweka elfu tano kwenye mechi ya ligi ya Ureno na akaangalia kwa jasho anaogopa kupoteza pesa, na dalili za nje zinafanana na za shabiki. Ukihesabu mashabiki kwa kelele za kibanda umiza, utawahesabu na hao.

Turudi kwenye swali lako la Mbeya, ambalo kwangu ni zito kuliko la Argentina.

Hamkosi mapenzi. Mwaka 1986 Tukuyu Stars, timu ya Rungwe, ilikuwa bingwa wa Tanzania Bara. Msimu wa 2013/14 Mbeya City ikapanda Ligi Kuu kwa mara ya kwanza, ikamaliza ya tatu nyuma ya Azam na Yanga, Simba ikawa chini yake. Nani alikuwepo Sokoine mwaka ule asiyekumbuka zambarau ile? Mabasi ya mashabiki yaliifuata mikoani, na magazeti ya Dar es Salaam yakaandika kwa mshangao kwamba kumbe bara kuna watu wenye timu yao. Halafu ikaanza kuyumba, watu wakapungua, na 2023 ikashuka kupitia mechi za mchujo dhidi ya Mashujaa ya Kigoma. Hapa Iringa tusiwacheke. Lipuli yetu ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho la hapa nchini mwaka 2019, mwaka uliofuata ikashuka daraja, na sijaona mtu akifunga duka kuomboleza.

Sababu ya kwanza ni ya kihistoria. Redio Tanzania ilipokuwa redio pekee, sauti ya mtangazaji wa mpira iliingia kila kijiji cha nyanda za juu ikiwa na Simba na Yanga. Babu yako alizipenda kupitia sikio, kabla hajaona nyasi za Sokoine. Akamrithisha baba yako, na baba yako akakurithisha wewe. Timu ya mkoa ikija inakuta kiti kimekaliwa tayari, inakuwa ya pili, na wa pili huachwa haraka. Umeona mwenyewe Yanga ikija Mbeya: wazaliwa wa Mbeya wanaizomea Mbeya City nyumbani kwao, wala hakuna anayeona ajabu.

Sababu ya pili huzungumzwa kidogo, nami naiona kubwa zaidi. Timu ni ya nani? Prisons ni ya Jeshi la Magereza. Mbeya City iliundwa na Halmashauri ya Jiji. Ihefu ilikuwa ya Mbarali mpaka mwaka 2024 ilipohamishiwa Singida na kubadilishwa jina kuwa Singida Black Stars. Timu iliyoipiga Yanga palepale Ubaruku, Mbarali, ikapakia virago ikaondoka, na shabiki wa pale hakuwa na kikao cha kwenda kupinga. Sasa linganisha na London. Klabu ya Wimbledon iliporuhusiwa mwaka 2002 kuhamia mji wa Milton Keynes, mashabiki walikataa kuifuata. Walianzisha timu yao wenyewe, AFC Wimbledon, wakaanza ngazi za chini pamoja na timu za wachezaji wa ridhaa, wakapanda mpaka ligi za kulipwa mwaka 2011, na 2020 wakarudi na uwanja wao barabara ileile ya Plough Lane. Hawakuwa na mapenzi ya asili ambayo watu wa Mbarali hawana. Walikuwa na timu moja tu moyoni. Mtu wa Ubaruku alikuwa na Simba au Yanga ya kurudia.

Au tazama Green Bay huko Marekani, mji wa watu laki moja na ushee, mdogo kuliko jiji la Mbeya, ambalo kwa sensa ya 2022 lina zaidi ya laki tano. Timu yao ya soka la Kimarekani, Packers, inamilikiwa na wananchi wenyewe tangu 1923. Wenye hisa ni zaidi ya laki tano nchi nzima. Hisa hizo hazilipi gawio na huwezi kuziuza kwa faida. Unanunua karatasi ya kutundika ukutani na haki ya kupiga kura. Uwanja unachukua watu 81,000 hivi na tiketi za msimu zimekwisha kila mwaka tangu 1960, kwenye baridi ambayo ingewafanya watu wa Makete wadai koti la pili. Hakuna tajiri anayeweza kuipakia timu ile ikahamia kwingine.

Utafiti wa Martha Newson na Harvey Whitehouse na wenzao, uliotoka 2021, unaongeza jambo. Waliwalinganisha mashabiki wa klabu za Uingereza zilizofanikiwa na wa zile zilizoteseka. Waliokula vipigo vingi pamoja ndio walioonekana kushikamana zaidi, hata kuwa tayari kujitoa kwa ajili ya wenzao. Kwa hiyo miaka miwili ya Mbeya City daraja la chini haikuwa lazima iue ushabiki. Ingeweza kuuzaa, kama waliobaki wangepewa kadi ya uanachama, tawi, na sauti kwenye mkutano. Simba na Yanga zina wanachama na matawi mpaka vijijini, na huko ndiko nguvu yao iliko, mbali na vikombe.

Ukirudi kijiweni, wape hukumu yangu hivi. Kwa kelele, Argentina. Kwa wingi wa watu, India. Kwa kufungwa na kubaki ndugu, Tanzania, tena kwa mbali. Lakini mkiuliza ni nani ningemtaja kuwa shabiki bila kusita, ningemtaja yule wa Wimbledon wa mwaka 2002. Mbeya City imerudi Ligi Kuu msimu wa 2025/26. Mkitaka kujipima, msitumie siku Yanga wanakuja. Subirini timu ifungwe mara tatu mfululizo, ipangiwe mechi Jumatano saa nane mchana, na mvua iwe inatishia kutoka upande wa mlima Loleza; kisha mhesabu ni wangapi kijiweni wameacha kazi wakapanda daladala ya kwenda Sokoine. Jibu mtakalopata niandikieni. Mimi nitawahesabia wa Uwanja wa Samora, hapa Iringa.